Hatua Mia Mbili za Babu

Mahindi yakianza kubeba, nyani wa vilimani Misungwi hushuka mashambani, na hapa Kirumba, kwenye benchi la kahawa tunalokaa jioni jirani na mwalo, hadithi za gobore nazo hushuka. Mwaka huu zimeshuka kwa ghadhabu, na chanzo ni mimi. Nilisema, bila kuulizwa, kwamba gobore langu nimeliweka sawa kwa mita 50 na sitaki habari ya mita nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna kashata akaniangalia kama mtu aliyetangaza kwamba maji ya ziwa yana chumvi. "Mwalimu," akasema, "mita hamsini siyo kuwinda hiyo. Hapo si umpige tu na kitako?"

Tangu siku hiyo nimepewa ushauri wa kila rangi. Nimeuandika kwenye daftari, na kwa kuwa nilifundisha fizikia miaka mingi na ugonjwa wa kusahihisha haujanitoka, naujibu hapa.

Tuelewane kwanza. Kuliweka gobore sawa ni kuhakikisha gololi inatua pale jicho lilipolenga, kwa umbali mmoja uliouchagua. Jicho hutazama kwa mstari ulionyooka. Gololi haina mstari ulionyooka. Inaanza kuanguka papo hapo inapotoka mtutuni. Ndiyo maana mtutu huelekezwa juu kidogo tu kuliko jicho, gololi ipande, iukate mstari wa jicho, ipite juu yake kidogo, kisha iukate tena ikishuka. Mkato huo wa pili ndio umbali unaobishaniwa pale kwenye benchi. Ukishaupita, ni kushuka tu.

Na jingine, kabla kijana yeyote hajakimbilia darini kwa babu yake: gobore ni silaha ya moto mbele ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuligeuza kuwa pambo la ukutani kwa sababu limerithiwa, na mahakama zetu zimeshafunga watu kwa gobore moja lisilo na leseni. Kuwinda nako kuna leseni yake, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye na leseni hizo, umbali unaomhusu ni wa kutoka kwake hadi kituo cha polisi kulisalimisha; tangu 2017 Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Langu lilikuwa la babu, likawa la baba, na lilipofika kwangu taratibu zote zikafuatwa. Naendelea.

"Gobore la babu lilikuwa linaangusha mnyama hatua mia mbili."

Hii ndiyo mama wa kauli zote, na mzee wa kashata ndiye mlezi wake. Nianze na hatua zenyewe. Nilimwomba mzee atembee kutoka kwenye benchi hadi kwenye mti wa mwembe, nami nikafuata na kamba niliyoipima. Hatua zake kumi zilikuwa mita saba na kidogo. Kwa hiyo hata tukimpa babu hatua zake zote, mia mbili ni mita 140 au 150. Mita hamsini za hadithi zimeshapungua kabla hatujagusa baruti.

Sasa tulitazame gobore lenyewe lilikotoka. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kupakiwa nyuma, miaka ya 1860 na 1870, yaliachwa maghala ya bunduki kuukuu za kushindilia kwa mdomo. Zikauzwa. Njia mojawapo ilikuwa Zanzibar, na mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza kisiwani, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii. Misafara ilizipandisha Unyanyembe, zikafika kwa mtemi Mirambo, zikafika Usukuma. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kubana biashara hiyo, mlango mdogo ulioachwa wazi ulikuwa wa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani kilichoruhusiwa kutufikia ni kile ambacho mwenye nacho hakukiogopa.

Neno la kushika hapo ni mtutu laini. Bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu huizungusha risasi, na mzunguko huo ndio unaoishikilia njia yake. Gobore halina mifuo. Gololi hugonga ukuta huu na ule ikitoka, na ukuta ulioguswa mwisho ndio unaoamua inakoelekea. Kanali George Hanger, ofisa wa Uingereza aliyepigana vita vya Marekani na aliyejua bunduki kuliko wengi wa enzi zake, aliandika mwaka 1814 kwamba musketi ya askari, kama haikutobolewa ovyo, inaweza kumpata mtu kwa yadi 80, pengine hata 100. Lakini wa kujeruhiwa kwa yadi 150 na mtu aliyemlenga yeye hasa, huyo ana mkosi wa pekee. Hanger alikuwa anazungumzia shabaha ya ukubwa wa mtu aliyesimama. Digidigi begani hafiki nusu mita.

Wanaobisha hunitajia Stanley, yule msafiri Mzungu. Alipofika Kagehyi mwaka 1875 na kuzunguka Ziwa Victoria, na yale mauaji ya kisiwa cha Bumbire yakatokea, watu walipigwa risasi wakiwa ufukweni na wapigaji wakiwa kwenye mitumbwi. Si huo ni umbali? Ni umbali. Lakini kikosi cha Stanley kilikuwa na Snider, bunduki ya kupakiwa nyuma yenye mifuo. Nashuku kumbukumbu za bunduki za aina hiyo na kumbukumbu za magobore zimechanganyika kwenye kapu moja, na wajukuu tukarithi kapu zima bila orodha.

Lipo na jambo la kibinadamu tu. Babu alipokosa, alirudi kimya, akala ugali kwa mlenda, akalala. Alipopata, ng'oma ililia. Sisi tumesimuliwa siku za ng'oma. Hata Bayege, wale wawindaji wa tembo wa Usukuma wenye chama chao na dawa zao, sifa yao ilikuwa kumsogelea mnyama, na hakuna anayesogelea kama silaha yake inafika mbali.

"Liweke sawa kwa mita 25, mia itakuja yenyewe."

Hii ilitoka kwa kijana aliyepitia JKT, na naiheshimu kwa sababu ina mantiki ndani yake. Tatizo ni kwamba mantiki hiyo ni ya bunduki nyingine. Ni kweli zipo bunduki za kijeshi zinazowekwa sawa kwenye karatasi iliyo mita 25 na baadaye zikapiga sawasawa mbali sana. M16 ya Wamarekani ndiyo mfano maarufu, ambapo mita 25 huwakilisha mita 300. Inawezekana kwa sababu mbili. Risasi yake nyembamba hutoka kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde na huchoka polepole. Na mahali pa kulengea pako juu sana ya mtutu, kwa hiyo mita 25 ni ule mkato wa kwanza, risasi ikiwa bado inapanda.

Gobore halina hata moja kati ya hayo. Tuchukue gololi ya risasi yenye kipenyo cha nusu inchi, itoke kwa mita 500 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya bunduki nzuri ya kiwandani na baruti safi. La fundi wa kijijini halifiki hapo. Mahali pa kulengea pawe sentimita 2 juu ya kitovu cha mtutu. Nimekokotoa pamoja na upinzani wa hewa, kwa penseli, kama nilivyokuwa nikiwatesa kidato cha sita. Kutoka kwenye mstari wa mtutu, gololi hiyo imeanguka kama sentimita moja na nusu ikifika mita 25. Ikifika 50, sentimita 6. Ikifika 75, zaidi ya 15. Ikifika 100, zaidi ya 30. Umbali umeongezeka mara nne, anguko limeongezeka zaidi ya mara ishirini.

Sasa liweke sawa kwa mita 25 kama anavyotaka kijana wetu. Gololi inaukata mstari wa jicho hapo, inachungulia juu yake kwa unywele, na kabla ya mita 35 imeshaukata tena ikishuka. Kwa mita 50 iko sentimita moja na nusu chini ya ulipolenga, jambo linalosameheka. Kwa 75 iko saba chini. Kwa 100 iko 20 chini, na mnyama uliyemlenga begani umempiga mguu, au umepiga vumbi. Mia haikuja yenyewe. Aliyekuja ni mnyama mwenye jeraha, anayekimbilia kwenye vichaka vya Maswa kufa siku tatu.

Nikaliweka upya kwenye karatasi kwa mita 50. Mkato wa kwanza ukatokea kwenye mita 15 hivi, wa pili kwenye 50 penyewe. Kati ya hapo gololi haipandi juu ya mstari hata sentimita moja. Kwa 75 inashuka sentimita 5. Maana yake, kuanzia miguuni pako hadi mita 60 na ushei unalenga pale unapotaka kupiga na hupotezi muda kukokotoa, na ukijidanganya kidogo kuhusu umbali, kosa lako halizidi upana wa vidole vitatu.

Mita 25 ina kazi yake, sikatai. Anzia hapo, ujue kama gololi inaingia kwenye karatasi au inaenda kwa jirani. Kisha rudi nyuma.

"Weka mia, hicho ndicho kipimo cha bunduki."

Hesabu yake ni hii: likiwekwa sawa kwa mita 100, gololi hiyo hiyo iko sentimita 8 hadi 9 juu ya ulipolenga kwa mita 50, na saba juu kwa mita 75. Kanga aliyesimama mita 50 ukimlenga kifuani, umempa salamu za kichwani na ameruka. Umeununua umbali usioutumia kwa kuuza ule unaoutumia kila siku.

Lakini hesabu siyo sababu yangu kubwa. Sababu kubwa niliiona kwa macho, kwenye shamba la shemeji yangu Misungwi, Jumamosi moja ya Agosti. Tuliwaarifu wanaohusika, mtendaji wa kijiji akaja mwenyewe na kiti chake cha plastiki. Nyuma ya shabaha palikuwa na kichuguu kikubwa kuliko trekta, kikavu, kisicho na jiwe. Shabaha ilikuwa mfuko wa saruji uliopasuliwa ukalazwa ndani nje, na duara la mkaa lililochorwa kwa kufuatisha sahani. Gobore likalala juu ya kiroba cha mchanga, mimi nikalala nyuma yake na goti linalolalamika.

Kwa mita 50, gololi tano zilikaa zote ndani ya eneo la sahani moja ya wali, upande wa chini kushoto. Hapo nilikuwa na habari: gobore linapiga chini, linapiga kushoto, na linarudia. Ukipiga chini, unaisugua ncha ya mbele kwa tupa, kidogo kidogo, maana ncha ikipungua gololi hupanda. Ukipiga kushoto, ncha unaisogeza kushoto. Kwenye gobore langu kuna sentimita 80 kati ya pengo la nyuma na ncha ya mbele, kwa hiyo milimita moja niliyoila kwa tupa ilikuwa sentimita 6 kwenye karatasi. Ndiyo maana fundi mwerevu huiacha ncha ndefu. Iliyozidi hupunguzwa, iliyopungua inatafutiwa fundi wa kuchomelea.

Kisha, kwa ajili ya heshima ya mzee wa kashata, tukaihamisha karatasi hadi mita 100. Nikapiga tano. Mbili ziligusa mfuko, moja juu kulia, nyingine chini kabisa, na kati yake ungeweza kulaza mbuzi. Tatu kichuguu kilizimeza bila kutoa risiti. Sasa niambie nirekebishe nini. Nikifuata tundu la juu nitaisugua ncha huku. Nikifuata la chini nitaifanya vingine. Kesho ningepiga tano nyingine zikanipa maagizo tofauti. Mtutu laini ukiupima kwa umbali ambao umeshapoteza uaminifu, unarekebisha bahati. Chagua umbali wa mbali kabisa ambao gobore lako bado linarudia neno lile lile mara tano. Langu ni 50. Lako linaweza kuwa 40, na usione haya.

Kama mita hazikukai kichwani, nenda uwanja wa CCM Kirumba siku isiyo na mechi. Simama golini, tazama mstari wa kati. Hapo pana kama mita 50. Sasa tazama goli la ng'ambo na umfikirie digidigi amesimama kwenye nyavu, nusu nyuma ya mwamba, majani mbele yake. Mtu akiniambia atampiga kwa gobore kutoka hapo, namwambia twende tukacheze mpira.

"Tatizo lako baruti kidogo. Ongeza, umbali utaongezeka."

Aliyesema ni fundi, na fundi anapaswa kujua zaidi. Tuongeze kasi kwa asilimia kumi, kutoka mita 500 hadi 550 kwa sekunde. Anguko la mita 100 linapungua kutoka sentimita 31 hadi kama 26. Umepata sentimita 5. Ili kuzipata umehitaji nishati iliyoongezeka zaidi ya moja ya tano, na gololi ya duara haijui kuitunza: hewa huikaba zaidi kadiri inavyokwenda kasi, na ikifika mita 100 imebaki na kama theluthi ya nguvu iliyotoka nayo. Sehemu kubwa ya baruti uliyoongeza umeilipa hewa.

Na mtutu? Magobore mengi ya mitaani ni bomba ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Limeungwa nyuma, na ule muungo uko sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Hata bunduki ya kiwandani ina kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji; asiyekijua haongezi, anauliza. Hatari nyingine imejificha kwenye kushindilia. Gololi ikibaki njiani bila kuikalia baruti, mtutu unaweza kupasuka kwa kipimo kile kile ulichozoea. Mdeki wangu una alama ya kisu. Ukishindilia, alama lazima ilingane na mdomo wa mtutu. Isipolingana sipigi, hata nyani wakiwa wanacheka. Alama hiyo pia ni rafiki wa shabaha, kwa sababu ushindiliaji unaobadilika kila mara hubadilisha kasi, na kasi ikibadilika zile mita zako 50 zimehama.

"Lijaribie ziwani, huko hakuna mtu."

Hii nilitaka kuipita haraka lakini inanikera. Sote tumerusha vijiwe bapa juu ya maji tukiwa watoto pale Capri Point tukihesabu viliruka mara ngapi. Gololi ya risasi nayo huruka. Ukisimama ufukweni na kulenga kitu kinachoelea mita 50 mbele, gololi inagusa maji kwa pembe isiyofika digrii 2, na kwa pembe hiyo maji ni kama sakafu ya saruji. Wapiga mizinga wa merikebu za zamani walifanya hivyo kwa makusudi, kombora lirukeruke hadi kwenye ubavu wa adui. Yako itarukaruka mamia ya mita hadi kwenye mtumbwi wa mvuvi wa dagaa aliyelala chini ya karabai iliyozimwa. "Hakuna mtu" ni maneno ya asiyelijua ziwa.

Mawe ni yale yale. Mji wetu wanauita wa miamba, na nimewahi kuona mtu amebandika shabaha kwenye jabali kwa sababu "halipenyeki". Ndiyo hatari yenyewe. Risasi laini ikilipiga jabali kwa mshazari, hupasuka au huteleza, na kipande kinachorudi hakichagui. Udongo, kichuguu, ukingo wa mto mkavu. Pasipo hivyo, funga gobore lako urudi nyumbani.

Mtu mwingine akauliza kuhusu kiboko: kama gobore likiwekwa mbali, si atapigwa akiwa bado majini, kabla hajapanda kwenye mihogo? Hapana, na si kwa sababu ya umbali. Gololi ya gobore kwa kiboko ni tusi, na kiboko aliyetukanwa anajibu. Kwa mnyama anayeharibu shamba au kutishia watu kuna maofisa wa wanyamapori wa wilaya na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Wapigie.

"Marisau hayapimwi, yanatapakaa yenyewe."

Yanatapakaa, ndiyo, lakini unajua yanatapakaa wapi? Mfuko ule ule wa saruji, mita 25, piga mara moja, hesabu matundu. Kama kanga angeweza kukaa kwenye pengo bila kuguswa, umbali wako ni mfupi kuliko huo. Dakika tano tu.

"Ukishaliweka sawa, umemaliza."

Huyu alikuwa jirani yangu, mtu mpole, na ndiye aliyekosea zaidi ya wote.

Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi mengi ndani ya mtutu, na masizi hayo hunyonya unyevu. Pwani ya ziwa unyevu haununuliwi. Baada ya mpigo wa kwanza, gololi ya pili inapita kwenye mtutu mwembamba zaidi na wenye utelezi mwingine. Ya tatu vilevile. Ukienda shambani, ukapiga kumi mfululizo, ukarekebisha mpaka ya kumi ikatua katikati, umeliweka sawa gobore chafu. Porini hutakuwa na gobore chafu. Utakuwa na gobore safi, lililopakiwa alfajiri, lenye mpigo mmoja. Kupakia tena ni nusu dakika kwa mwenye mikono myepesi, na kwangu ni zaidi ya dakika. Swala aliyekosewa hasubiri umri wangu. Gololi ya kwanza kutoka mtutu uliosafishwa na kukaushwa ndiyo pekee inayowinda, na ndiyo pekee inayostahili kupimwa.

Kwa hiyo ninafanya hivi, na mke wangu anaona ni wendawazimu. Jumamosi nakwenda Misungwi na gobore safi. Napiga moja, mita 50, kwenye karatasi niliyoitunza. Nasafisha kwa maji ya moto, nakausha, napaka mafuta kidogo, nanywa chai kwa shemeji, narudi Mwanza. Jumamosi ijayo, karatasi ile ile, moja. Kwa wiki tano nina matundu matano, kila moja limepigwa na gobore lililokuwa katika hali ile ile litakayokuwa nayo siku ya kazi, isipokuwa hali ya hewa, ambayo siwezi kuiamrisha.

Karatasi ya safari hii niliileta Kirumba. Nikaitandaza kwenye benchi, vikombe vikasogezwa. Matundu manne yalikuwa yamekaa jirani, unaweza kuyafunika kwa kiganja. La tano lilikuwa peke yake, chini ya mengine kwa sentimita kumi. Mzee wa kashata aliinama, akalifunika kwa kidole.

"Na hili?"

"La Jumamosi ile ya mvua, mzee. Nadhani baruti ilivuta unyevu."

Alikaa nalo muda mrefu. Kisha akasema kwamba babu yake alikuwa anaiweka baruti kwenye pembe yenye kizibo cha nta, na mvua ikinyesha hakuwa anatoka kabisa. Alikuwa anakaa ndani anasuka mitego.

"Hilo hukuwahi kutuambia," nikasema.

"Hamkuuliza. Mliuliza hatua ngapi."